Nyumba za Walimu Zilizohamwa: Namna ya Kuomba Fedha za Serikali na Kuzikarabati Zikakalika

Mbukwenyi! Waheshimiwa madiwani, ndugu wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji wa kata na vijiji, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, mafundi wetu, mabibi na mabwana.

Katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, hapa mkoani Dodoma, ipo nyumba ya mwalimu au ya mganga ambayo hakuna anayelala ndani. Bati zimeota kutu, mlango umening'inia bawaba moja, darini wamehamia popo. Mwalimu amepanga senta na kila asubuhi anakuja na bodaboda. Mvua ikinyesha na korongo likajaa, hafiki, na darasa linakaa bila mwalimu huku nyumba yake ipo mita mia mbili kutoka shuleni.

Nyumba hizi hazikosi fedha kwa sababu tu mafungu ya serikali ni madogo, ingawa ni madogo kweli. Nyingi zinakosa kwa sababu barua iliyofika kwa Mkurugenzi wa halmashauri ilisema "nyumba imechakaa, tunaomba milioni ishirini" ikaishia hapo. Afisa Mipango hawezi kuitetea barua ya namna hiyo mbele ya kamati ya fedha. Kinachopata fedha ni ombi linaloonyesha kitu gani kimeharibika, kimeharibiwa na nini, kwa kipimo gani, na mtakifanya nini kisiharibike tena. Ombi hilo linaanzia kwenye nyumba yenyewe, kwa futikamba na bisibisi. Barua inakuja mwishoni.

Niseme mapema kwamba nazungumzia nyumba za umma. Mwenye nyumba yake binafsi iliyobomoka asitegemee njia hizi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya vikundi vya uzalishaji na hulipwa. Haikarabati nyumba ya mtu. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa kianzishe kazi ya matofali, kisha kikashindania zabuni ya kuiuzia shule, na hilo ni jambo zuri. Wenye kusoma mitandaoni wameona habari za Ayalandi, ambako serikali humpa mwenye nyumba iliyo wazi zaidi ya miaka miwili ruzuku ya hadi euro 50,000, au 70,000 ikiwa ni gofu. Kule ukianza kazi kabla ya kuidhinishiwa, kazi hiyo hailipwi. Kwetu utaratibu umekaa kinyume: serikali inataka kwanza kuona jitihada za wananchi ndipo iongeze. Mchango wenu wa mchanga, mawe, maji na nguvu kazi ni sehemu ya ombi, na uandikwe kwa thamani ya shilingi.

Sasa twende kwenye nyumba.

Kabla hamjapima chochote, tafuteni sababu ya nyumba kuhamwa. Mwandikieni aliyeishi humo mwisho au mpigieni simu. Mara nyingi sababu si ukuta. Choo kilititia, au maji yako kilomita tatu, au mlango haukufungika na mwalimu mwanamke akaogopa kulala peke yake. Mkikarabati ukuta na bati mkaacha choo, nyumba itapendeza na itabaki tupu. Kwa hiyo ombi lolote la nyumba ya mtumishi liwe na mambo matatu hata kama fedha ni kidogo: choo, maji na kufuli. Kuhusu maji, mkoa wetu unapata mvua za takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, ukitoa robo inayopotea, linakinga zaidi ya lita 37,000 kwa msimu wa milimita 500. Mifereji ya bati na tenki la lita 5,000 ni gharama ndogo kwenye makadirio, na kwa mwalimu ni tofauti kati ya kukaa na kuhama.

Kisha mkague nyumba kutoka chini kwenda juu. Watu huanza na bati kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini msingi ukiwa unacheza, bati jipya litakuwa juu ya ukuta unaopasuka.

Ufa mmoja si sawa na mwingine. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, usiopenya kwenye tofali, ni plasta iliyokauka haraka juani. Huo ni wa kuziba tu. Ufa unaopanda kwa ngazi-ngazi ukifuata viungo vya tofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, ni msingi umeshuka upande mmoja. Ufa unaotoka kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari mara nyingi unasema hakuna lenta, yaani boriti ya juu ya dirisha na mlango, au lenta ni kipande kifupi cha mbao kilicholiwa. Chukueni penseli. Kwenye ncha zote mbili za ufa pigeni mstari mfupi na mwandike tarehe pembeni. Kwenye sehemu pana zaidi pimeni upana na muuandike hapohapo ukutani. Rudini baada ya wiki sita, na tena baada ya mvua. Ufa ukivuka mstari, msingi bado unatembea, na hakuna sababu ya kuomba fedha za plasta. Penye udongo mweusi wa mbuga jambo hili ni la kawaida, kwa kuwa udongo ule huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka hadi unafunguka mianya. Dawa yake ni kuyaondoa maji karibu na nyumba: mteremko wa kutoka ukutani, mkanda wa zege wa upana wa sentimita 60 hadi 90 kuzunguka nyumba yote, na mfereji wa kuyapeleka mbali. Piga picha ya mstari wa penseli na tarehe yake. Mhandisi wa halmashauri akiiona picha ya namna hiyo anajua kwamba kijiji kimefanya kazi.

Panda kwenye ukuta. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole au kishikio cha nyundo. Panapolia kama kitu chenye uwazi ndani, plasta imeachana na tofali, itolewe. Zungushia kwa chaki na upime eneo lake. Kwenye makadirio hatuandiki "plasta nyumba nzima" kwa mazoea, tunaandika mita za mraba. Plasta ya uwiano wa 1 kwa 4, saruji kwa mchanga, yenye unene wa milimita 12, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hufanya kama mita za mraba 10. Chumba cha mita 3.5 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kina takribani mita za mraba 32 za ukuta, hivyo mifuko minne pamoja na upotevu. Sakafu ya zege la 1:2:4 yenye unene wa sentimita 5, mfuko mmoja unafanya mita 3 za mraba.

Hapa Dodoma hatuwezi kusema habari za kuta tusitaje chumvi. Mmeiona: unga mweupe chini ya ukuta, rangi inabanduka kama magamba, plasta inaumuka na kumwagika, na mwaka mmoja baada ya ukarabati inarudi palepale. Fedha nyingi za ukarabati zinapotelea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chumvi haitembei yenyewe, inabebwa na maji. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki na kukua ndani ya vitundu vya tofali na plasta mpaka inavipasua. Kwa hiyo mkipiga plasta mpya ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu mmeificha chumvi kwa msimu mmoja tu. Fanyeni hivi. Pimeni chumvi imepanda hadi wapi kutoka sakafuni. Bandueni plasta yote hadi sentimita 40 au 50 juu ya mstari huo. Kwangueni viungo vya tofali kwa kina cha sentimita moja hivi. Piga brashi kavu, zoa unga wote na uutupe mbali na nyumba. Msiuoshe kwa maji, maana mtaurudisha ndani ya ukuta. Acheni ukuta upumue wiki kadhaa za kiangazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Wakati huo tengenezeni nje: shusheni udongo uliorundikana mpaka juu ya jamvi la zege la sakafu, wekeni ule mkanda wa zege, na mhamishe bomba au karo linalovuja. Sakafu mpya ikimwagwa, chini yake itandikwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu, iingiliane sentimita 15 kwenye viungo na ipande ukutani kidogo.

Chumvi nyingine tunaileta wenyewe. Visima vingi vya maeneo yetu vina maji ya chumvi. Fundi anachota maji yaliyo karibu, anachanganyia zege, na ndani ya zege hilo kuna nondo. Maji ambayo hayanyweki yasichanganye zege wala plasta. Mchanga nao usitoke kwenye mbuga yenye weupe juu, utoke korongoni na uwe umechekechwa. Kama maji matamu yatanunuliwa kwa boza, gharama ya boza iingie kwenye makadirio. Ikisahaulika fundi atachota ya kisimani, na hatuwezi kumlaumu.

Juu ya ukuta kuna mtambaapanya, kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa. Chukua bisibisi na uchome kila mbao, hasa pale inapokalia ukuta. Ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha hata kama nje inaonekana nzima. Mchwa hupenda kupanda kwa njia za udongo kwenye kona za ndani, na njia hizo zionyesheni kwenye picha. Mbao mpya ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Dawa ya kupaka kwa brashi hufunika juu tu, ukikata mbao umefungua mlango. Popo mnawatoa kwa kuziba matundu ya chini ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, baada ya wao kutoka jioni, si mchana wakiwa ndani. Kinyesi chao msikifagie kikavu: nyunyizieni maji, vaeni barakoa, zoeni kwa koleo, maana vumbi lake linaumiza mapafu.

Bati sasa, na hapa ndipo makadirio mengi yanapokosea hesabu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la pande mbili. Ongeza sentimita 60 za upenu kila upande, unapata 11.2 kwa 9.2, yaani mita za mraba 103. Mteremko wa nyuzi 20 unaongeza kama asilimia 6, tunafika 110. Wengi huishia hapo, wanagawa kwa eneo la bati moja la mita 3, wanaongeza asilimia 5 na kuandika bati 51. Bati zinafika, fundi anaezeka, zinapungua tisa, na mradi unasimama kwa sababu ya bati tisa. Sababu ni kwamba bati haziezekwi kwa eneo, zinaezekwa kwa mistari. Upande mmoja wa paa, kutoka kofia hadi ukingoni, una mita 4.9, na bati litoke nje kidogo kudondosha maji, iwe 4.95. Bati moja la mita 3 halitoshi. Unahitaji la pili, likiingiliana sentimita 15, na kutoka hilo la pili unatumia mita 2.1. Kinachobaki ni kipande cha sentimita 90. Kama bati lako linafunika sentimita 76 kwa upana, mita 11.2 inataka mistari 15 kila upande, jumla 30. Mistari 30 mara bati mbili ni bati 60. Mkilazimisha vile vipande vya sentimita 90 viungwe vitatu-vitatu, paa litavuja kwenye kila kiungo. Afadhali kuagiza kiwanda kikate bati za mita 4.95 moja kwa moja, hakuna kiungo wala kipande kinachobaki. Chora mistari hiyo kwenye karatasi ya BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa yenye vipimo na gharama. Kwa geji, yaani namba ya unene wa bati, andikeni 28. Geji 32 ni nyembamba zaidi, ingawa namba yake ni kubwa, na kuna wauzaji wanaoitumia namba hiyo kuwachanganya watu.

Nyumba nyingine hazifai kukarabatiwa. Msingi ukiwa unatembea, kuta hazina lenta na paa lote ni la kubadilisha, kinachobaki kuokoa ni matofali tu. Hapo mwombeni mhandisi aandike hivyo waziwazi, na ombi lenu ligeuke kuwa la nyumba mpya. Lakini msibomoe. Jengo la umma linafutwa kwenye daftari la mali kwa kibali, na hata bati kuukuu na fremu za milango ni mali ya halmashauri. Wapo viongozi walioingia matatani kwa kugawana mbao. Jihadharini pia na mapaa ya zamani ya vigae vya kijivu vinavyofanana na saruji, yale ya asbestosi. Msiyavunje, msiyasugue, msiyatoboe. Andikeni kwa halmashauri ili wataalamu wa mazingira na usalama mahali pa kazi waelekeze namna ya kuyaondoa. Na ndugu zetu wa Kongwa, baadhi ya majengo yenu yana historia ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliopiga kambi hapo kuanzia miaka ya 1960. Kabla ya kugusa jengo la aina hiyo waulizeni wahusika wa malikale. Saruji mpya na milango ya chuma inaweza kuharibu kitu ambacho Taifa linataka kukihifadhi.

Tukishajua nyumba inataka nini, tunajua pa kuomba. Kitasa, vioo, tundu la bati na dari ya chumba kimoja ni ukarabati mdogo: kamati ya shule itazame ruzuku ya uendeshaji inayoingia kwenye akaunti ya shule, kwa kufuata mwongozo wake. Bati, saruji na mbao kwa nyumba moja ni kazi ya mfuko wa jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge, kiasi chake ni kidogo, na unafaa zaidi kwa vifaa vinavyokamilisha kazi ambayo wananchi wamekwisha kuianza. Kazi kubwa zaidi iombwe kwenye mapato ya ndani ya halmashauri au kwenye fedha za Serikali Kuu kupitia TAMISEMI. Kule mnakutana na viwango vilivyozoeleka: kwa miaka kadhaa boma la darasa, yaani jengo lililoishia kwenye kuta, lilipelekewa shilingi milioni 12.5 kulikamilisha, na boma la zahanati milioni 50. Nyumba yenu ikigharimu zaidi ya kiwango kitakachotolewa, gawanyeni BOQ kwa awamu, awamu ya kwanza ikiishia mahali ambapo mtu anaweza kulala. Miradi kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari ina masharti yake, na fedha iliyotajwa kuwa ya darasa haiwezi kwenda kwenye nyumba bila kibali. Mkaguzi Mkuu akikuta mmefanya hivyo, nia njema haifuti hoja ya ukaguzi.

Mlango unaosahaulika ni Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu kwa sheria ya 2001. Imekuwa ikifadhili nyumba za walimu katika maeneo yenye mazingira magumu. Andiko linapita kwa Mkurugenzi, na andiko lenye vipimo na picha kama nilivyoeleza ndilo linaloweza kusimama mbele ya maandiko ya mikoa mingine.

Kuhusu njia ya ombi sitakawia, wengi mnaijua. Kamati ya shule inajadili. Halmashauri ya kijiji inapitisha kupitia kamati yake ya huduma za jamii. Mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, na huo kisheria hukaa angalau kila miezi mitatu. Kamati ya maendeleo ya kata inaweka vipaumbele, kisha ombi linakwenda halmashauri. Mnachokosea ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti yake inaanza kukusanywa vijijini kuanzia Oktoba na Novemba, na madiwani wanaijadili mwanzoni mwa mwaka. Barua inayofika Machi imekuta gari limeondoka. Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba ufanyike Agosti na Septemba. Mwandikieni mhandisi wa halmashauri kumwomba tathmini, na vijiji vitatu vya jirani muombe kwa tarehe moja, kwa sababu kikwazo chake kikubwa ni gari na mafuta.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, K.K. (kupitia kwa) Mtendaji wa Kata. Kwenye Yah: taja shule, kijiji na aina ya kazi. Aya ya kwanza iseme nyumba ni ya nani, ilijengwa lini kama inajulikana, imehamwa tangu lini na kwa nini. Aya ya pili iseme shule ina walimu wangapi na wangapi wanaishi ndani ya kijiji. Aya ya tatu itaje jumla ya gharama, mchango wa wananchi na kiasi kinachoombwa. Mambo mengine yote yaende kwenye viambatisho: muhtasari wa mkutano mkuu wenye orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, tathmini ya mhandisi, BOQ, picha zenye tarehe, na uthibitisho wa umiliki. Umiliki msiupuuze. Nyumba nyingine ilijengwa na taasisi ya dini au chama cha ushirika, na kila mtu kijijini anaamini ni ya shule. Serikali haitatia fedha kwenye jengo lisilo lake, hivyo tafuteni kwanza barua ya makabidhiano. Kwenye mchango wa wananchi, mrundo wa mchanga upimwe kwa tripu, ukadiriwe bei ya sokoni, upigwe picha. Fedha taslimu ikatiwe risiti ya serikali, na mtoto asizuiwe darasani kwa sababu mzazi hajachangia.

Fedha ikiingia, kazi ya mafundi wa kawaida inataka kamati tatu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi wa mtandaoni, kwa hiyo fundi wenu wa kijijini na muuza vifaa wa senta wasajiliwe mapema, si siku fedha imeingia. Fedha mara nyingi huchelewa, mwaka unafungwa 30 Juni, na kisichotumika kinaweza kurudi Hazina. Kijiji ambacho mchanga umeshamwagwa, mawe yamepondwa na bei zimeulizwa kinaanza kazi wiki ileile. Kijiji kingine kinaanza kutafuta lori.

Kamati ya mapokezi ndiyo inayookoa fedha, na mara nyingi inapewa wajumbe wanaosaini tu. Bati zikishuka, someni mhuri wa kiwanda na geji kwenye kila rundo, na mhandisi aje na kipimo chake. Nondo za milimita 12 pimeni unene, maana zipo zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa nyembamba. Saruji angalieni tarehe, na mfuko wenye mabonge mrudisheni. Kwenye eneo la kazi tengenezeni sanduku la kupimia lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hizo ni lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Zege la 1:2:4 ni mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Fundi akihesabu kwa koleo, kila saidia fundi ana koleo lake. Zege likishamwagwa limwagiliwe siku saba. Kwa jua letu la Septemba lifunikwe pia kwa magunia yaliyoloweshwa, vinginevyo litapasuka kabla halijakomaa.

Fundi alipwe kwa hatua zilizoandikwa kwenye mkataba, na kila hatua mhandisi aithibitishe kwa maandishi. Andikeni tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo yake inashikiliwa mpaka mvua za kwanza zinyeshe, kwa sababu paa hukaguliwa na mvua. Siku hiyo ingieni ndani na tochi mkatazame dari chumba kwa chumba, mzunguke nje muone maji ya mferejini yanaelekea wapi, ndipo msaini malipo ya mwisho na kumkabidhi mwalimu ufunguo kwa hati.

Fomu za ukaguzi wa nyumba ziko mezani kwa mtendaji, moja kwa kila shule. Asanteni sana, na sasa tupokee maswali.